Buffalo kwenye uwanda wa Uasin Gishu: tathmini ya baiskeli ya mizigo iliyogeuzwa ya safari

Mtu anayetaka kusafiri kwa baiskeli huku kwetu magharibi ya Kenya huelekezwa kwenye njia mbili. Ya kwanza ni baiskeli za gia za mtumba kutoka ng'ambo, zinazopangwa kando ya barabara mjini Kisumu na Nakuru zikiwa zimesuguliwa na kupakwa mafuta mpaka zikang'aa. Ya pili ni ile baiskeli nyeusi ya kale, iliyobeba abiria, magunia ya mahindi na kreti za soda tangu enzi za wazee wetu. Tathmini hii inahusu ya tatu, ambayo wengi wanaifahamu kwa kuiona chini ya mitungi ya maziwa au ikiendeshwa na wanafunzi, lakini ni wachache wanaoifikiria kuwa baiskeli ya safari. Jina lake ni Buffalo. Nimezunguka nayo kwenye uwanda wa juu wa Uasin Gishu, katika barabara tulivu za changarawe zinazopita kati ya mashamba ya ngano na mahindi, na msimamo wangu ni kwamba juu ya uwanda huo inazishinda zote nilizowahi kuendesha. Ukifika ukingoni na kuanza kuteremka, hukumu yangu inabadilika kabisa, na sababu nitazieleza kwa urefu kwa kuwa zinagusa usalama wa mtu.

Kwanza chombo chenyewe. Buffalo ni baiskeli ya World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka wa 2005 baada ya tsunami iliyoikumba Sri Lanka Desemba 2004, na ambalo baadaye lilielekeza nguvu zake Afrika, kwa wanafunzi, wahudumu wa afya ya jamii na wakulima wanaoishi mbali na barabara kuu. Kwa soko la Kenya huunganishwa Kisumu, na mtu binafsi anaweza kujinunulia bila kupitia mradi wowote. Uzani wake ni kilo 23 hivi ikiwa tupu. Fremu ni ya chuma kizito, gia ni moja, keria ya nyuma imeundwa kubeba hadi kilo 100, na breki imefichwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma: unakanyaga pedali kinyumenyume, baiskeli inasimama. Hakuna waya wa breki, hakuna waya wa gia, wala kile kichuma chembamba cha kuhamishia mnyororo ambacho hupinda kikigusa jiwe la kwanza. Aliyezoea kupima ubora wa baiskeli kwa wingi wa vifaa vyake ataiona hii kuwa duni. Anayejua ni kitu gani hukatika kwanza kwenye barabara mbovu ataangalia yale yasiyokuwepo na kufurahi.

Ili tathmini ya chombo hiki ieleweke, lazima uwanda wenyewe ueleweke. Uasin Gishu imelala juu ya tabaka za lava zilizomwagika mamilioni ya miaka iliyopita na kuganda karibu tambarare, ndiyo maana mtu anaweza kuendesha asubuhi nzima bila kukutana na mlima wa kumtoa jasho la damu. Eldoret iko kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi. Upande wa mashariki ardhi inainuka taratibu hadi ukingo wa Elgeyo, ambako mji wa Iten, kwenye mita 2,400 hivi, unalichungulia bonde la Kerio. Kusini-mashariki inapanda hadi Timboroa, karibu mita 2,700. Na upande wa magharibi inashuka polepole kuelekea Turbo. Kwa mwenye gia moja, habari hizi zina thamani kuliko ramani yoyote ya simu, maana zinamwambia aanzie wapi. Pandisha baiskeli juu ya matatu hadi Iten, lala huko, kisha uendeshe kuelekea magharibi. Mteremko ni mdogo kiasi kwamba macho hayauoni, lakini miguu inautambua kabla ya saa nne.

Barabara za kuendeshea ni zile za ndani. Barabara kuu ya Nakuru, Eldoret na Malaba ndiyo njia ya malori ya mizigo yanayokwenda Uganda na kwingineko, na hakuna baiskeli, iwe ya kilo 23 au ya kilo 8, inayostahili kuwa ubavuni mwa trela lenye haraka. Ukiiacha barabara hiyo na kuingia ndani, unakuta njia za changarawe zilizonyooka kwa namna isiyo ya kawaida katika nchi yetu, kwa sababu nyingi zinafuata mipaka ya mashamba makubwa yaliyopimwa baada ya makaburu kutoka Afrika Kusini kuwasili na mikokoteni yao mwaka wa 1908. Eldoret yenyewe ilianza kama shamba nambari 64, na wazee wa huko wangali wanaiita Sisibo. Kwenye njia hizi unakutana na trekta, pikipiki ya maziwa, kundi la ng'ombe na mchungaji wao, na baada ya hapo unaweza kukaa kitambo kirefu usikutane na kitu. Kati ya vituo vya Ziwa na Moiben, na vilevile pande za kilima cha mawe cha Sergoit, ndiko nilikoipenda safari hii kuliko kwingine kote: ngano pande zote mbili, anga pana, na kilima hicho kikibaki mahali pamoja upeoni hata unaanza kushuku kama unasonga mbele.

Sasa utendaji. Changarawe ya Uasin Gishu ina tabia mbili. Wakati wa kiangazi hujikunja na kuwa mawimbi madogo madogo, yanayotikisa baiskeli mpaka meno yanagongana, na hapo ndipo baiskeli nyingi za mtumba hulegea nati, hukatika spoki na kumwaga mizigo. Buffalo ina spoki nene kuliko za kawaida, matairi mapana na magumu kutoboka, na fremu isiyokuwa na haja ya kubembelezwa. Uzito wake, ambao dukani unaonekana kuwa dosari, hapa unageuka kuwa faida, kwani baiskeli iliyopakiwa vizuri hupita juu ya mawimbi hayo kwa utulivu wa ng'ombe wa maksai, mradi usijaribu kukimbia. Nilipunguza upepo wa matairi kidogo kwenye sehemu mbaya zaidi na mtikisiko ukapungua. Kiti nilikibadilisha kabla ya kuondoka, lakini hilo ni suala la mwili wa mtu na si la baiskeli. Mwenye kiti anachokipenda akihamishie tu.

Tabia ya pili ni tope, na hapa sina sifa za kutoa. Mahali penye udongo mwekundu, mvua ikipita na jua likawaka saa moja au mbili, njia inakauka na unaweza kuendelea. Mahali penye udongo mweusi wa mfinyanzi, tope hushika tairi, hujaa chini ya madigadi na kulifunga gurudumu lisizunguke tena. Baiskeli ya kilo 23, yenye mizigo juu yake, isiyozunguka magurudumu, haisukumwi. Inabebwa, na haibebeki. Dawa ni kijiti kigumu cha kukwangua, kilichofungwa mahali pa kufikika, pamoja na subira. Dawa iliyo bora zaidi ni kuchagua msimu. Miezi ya Desemba hadi Februari ni mikavu, na mavuno ya mahindi yanakuwa yamekwisha au yako mwishoni, kwa hiyo mashamba yako wazi na vumbi ndilo adui pekee. Kuanzia Machi au Aprili mvua huanza, na hata katikati ya mwaka, Julai na Agosti, wakati sehemu nyingine za Kenya zimekauka, uwanda huu bado unanyeshewa. Kwa kawaida mvua huja alasiri. Anayeendesha asubuhi na kutafuta paa kabla ya saa tisa ataikwepa mara nyingi.

Gia moja ndiyo swali ambalo kila mtu aliniuliza, na jibu langu lina sehemu mbili. Kwenye mwendo wa kawaida wa uwanda huu, gia hiyo inatosha. Imepangwa kwa ajili ya mtu mwenye mzigo na si kwa mashindano, hivyo ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Kinachosumbua ni mabonde madogo ya vijito, ambamo barabara inashuka ghafla hadi kwenye daraja na kupanda ghafla upande wa pili. Nilizoea kuteremka kwenye baiskeli na kuisukuma. Mwanzoni unaona haya kidogo, hasa pande za Iten na Kaptagat ambako vikundi vya wanariadha hupita alfajiri, miguu yao ikigusa changarawe pamoja kama ya mtu mmoja, wakakupita wewe mwenye magurudumu kana kwamba umeegeshwa. Kaptagat ndiko alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuna aibu kubwa katika kupitwa huko. Isitoshe, hewa kwenye mita 2,100 ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika tano, na anayetoka Kisumu, ambako ni mita 1,130 hivi, atalihisi jambo hilo kifuani kabla hajalihisi miguuni. Baiskeli isiyokuruhusu kuharakisha inakulinda na pupa yako mwenyewe.

Niongeze kwamba Iten utaziona pia baiskeli za aina nyingine kabisa, nyepesi, za nyuzi za kaboni, zikiendeshwa na vijana wanaofanya mazoezi ya mbio za barabara za vumbi. Suleiman Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 akiwa katika mashindano ya namna hiyo Vermont, Marekani, alikuwa miongoni mwa waliouonyesha ulimwengu kwamba barabara hizi ni uwanja wa baiskeli kama zilivyo uwanja wa riadha. Kulinganisha baiskeli zao na Buffalo si haki kwa upande wowote. Ninazitaja kwa kuwa msomaji anayetamani kasi anapaswa kujua kuwa chombo cha kasi kipo, na kwamba si hiki.

Kuhusu mizigo, Buffalo haina mpinzani niliyemwona. Keria yake ni sehemu ya baiskeli, imeshikwa barabara, wala haichezi wala haiinami. Sikununua mabegi maalumu ya safari. Nilichukua magunia mawili madogo ya plastiki, nikayatia nguo, blanketi na vyombo, nikayaning'iniza pande mbili ili uzito ukae chini, kisha nikafunga yote kwa blada, zile kamba za mpira zinazokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu na kuuzwa kila kituo cha bodaboda. Blada haina mfano: inavutika, inashika hata ikilowa, na ikikatika unanunua nyingine mbele ya safari bila kuiona bei. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba ukiweka kila kitu nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba unapopanda. Funga maji na vifaa vya fundi mbele, kwenye usukani, na mambo yatatengemaa.

Kwa wanaopenda kujipikia njiani, neno dogo. Kwenye mwinuko huu maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 93 hivi badala ya 100, na maharagwe makavu yatakumalizia mafuta ya jiko kabla hayajaiva. Waachie wenye hoteli kazi hiyo. Katika kila kituo chenye maduka matatu utapata chai ya maziwa, chapati, na ugali na managu, na kwa bahati nzuri mursik, yale maziwa ya kugandisha, iliyotoka kwenye kibuyu.

Matengenezo ndiyo sababu kubwa ya kuisifu baiskeli hii, na si kwa sababu haiharibiki. Baiskeli yoyote itapata pancha. Tofauti ni kwamba Buffalo ikipata shida, mtu wa karibu anaielewa. Karibu kila kituo kina fundi, mara nyingi ameketi kando ya kinu cha posho akiwa na bati la maji, solusheni, msasa na pampu ndefu ya kukanyagia miguu yote miwili. Fundi huyo hatakutana na kitu kipya kwake. Vipuri maalumu vya Buffalo havipatikani kila mahali kwenye uwanda huo, ndiyo, na kwa hiyo nilibeba tyubu ya ziada, kiungo cha mnyororo na spoki kadhaa kutoka Kisumu. Lakini kazi ya kawaida, kuanzia kukaza mnyororo hadi kunyoosha rimu, ilifanywa na mtu yeyote mwenye spana. Mwenye baiskeli ya gia za mtumba aliyeharibikiwa Moiben anarudi Eldoret kwa matatu, akifika anaambiwa kipuri hicho kipo Nairobi, na Nairobi wanamwambia kilikuwepo wiki jana.

Sifa nyingine haimo katika karatasi za muuzaji. Ukiwa juu ya Buffalo, watu wanazungumza nawe. Kwenye kituo kimoja cha kukusanyia maziwa nilisimama kumwagilia mnyororo mafuta, na mama mmoja aliyekuwa akisubiri maziwa yake yapimwe akanikazia macho kwa muda kabla hajasema.

"Chamgei, mama," nikamsalimu.

"Chamgei mising. Hiyo si Buffalo?"

"Ndiyo, mama."

"Na maziwa yako wapi?"

Nikamweleza kwamba sina maziwa, natembea tu kuiona nchi. Akaichungulia mizigo yangu, akaibonyeza tairi ya nyuma kwa kidole gumba kama mtu anayekagua parachichi sokoni, na kuniambia kwamba mwanawe anabeba mitungi miwili mikubwa kwa baiskeli kama hiyo kila asubuhi. "Sasa wewe kijana mzima umebeba blanketi, unasukuma pale darajani. Nimekuona." Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami pia. Kisha akanionyesha njia ya kupitia nyuma ya shule, isiyokuwa na tope, ambayo haimo kwenye simu yoyote. Sidhani kama ningepewa njia hiyo nikiwa juu ya baiskeli ya kaboni na miwani ya kioo.

Nafika sasa kwenye breki, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Breki ya kukanyaga nyuma ina uzuri wake: haipotezi nguvu kwa maji wala tope, kwani imefungwa ndani ya habu, na haina waya wa kukatika. Juu ya uwanda, ambako miteremko ni mifupi, sikuwahi kuitilia shaka. Hata hivyo ina masharti. Sharti la kwanza ni kwamba huwezi kurudisha pedali nyuma kuiweka mahali pazuri pa kuanzia, maana ukirudisha unafunga breki. Jizoeze kusimama pedali ya mguu wako wa nguvu ikiwa juu na mbele kidogo, la sivyo utainua gurudumu la nyuma kila unapoanza safari, na lina mizigo. Sharti la pili ni la mnyororo. Nguvu ya breki inapitia kwenye mnyororo, kwa hiyo mnyororo ukikatika au kuruka, breki imeondoka nao. Ukague kila asubuhi, uukaze usilegee, usafishe vumbi kwa kitambaa kabla ya kuutia mafuta, kwa kuwa mafuta juu ya vumbi ni msasa.

Sharti la tatu ni joto. Habu ya aina hii, ya kampuni yoyote ile, haikuundwa kubana mfululizo kwa mteremko wa kilomita nyingi. Grisi iliyo ndani hupata moto, huyeyuka, na breki huanza kuteleza au kutoa mlio. Na uwanda wa Uasin Gishu umezungukwa na miteremko ya namna hiyo hasa. Kutoka Iten kupitia Tambach hadi chini kwenye bonde la Kerio barabara inapoteza zaidi ya mita 1,000 kwa kona juu ya kona. Mandhari yake ni ya kustaajabisha, na ninaelewa kabisa kwa nini mtu angetaka kuiteremka kwa baiskeli, lakini si kwa baiskeli yenye breki moja ya nyuma na mzigo kwenye keria. Vivyo hivyo njia ya kurudi Kisumu. Kutoka Eldoret hadi Kapsabet, na kutoka hapo kupitia Kaimosi hadi Chavakali, kuna panda-shuka nyingi lakini za kuvumilika, mashamba ya chai yakianza kujitokeza na watu wakiongezeka kila kilomita. Baada ya Chavakali unaingia kwenye barabara ya Kakamega na Kisumu, yenye matatu zisizongoja mtu, na ukishapita Majengo barabara inaporomoka kuelekea Kiboswa na Mamboleo. Mimi niliipandisha baiskeli juu ya matatu kwa sehemu hiyo, na ningefanya hivyo tena. Anayeng'ang'ania kuteremka na asimame mara kwa mara, aguse habu kwa tone la maji, na likichemka akae chini ya mti anywe soda hadi ipoe.

Matatu nazo zinahitaji maandalizi. Buffalo si kitu cha kuinuliwa na mtu mmoja hadi juu ya paa la gari, na kondakta anajua hilo kabla yako. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapanda, simama pale inapofungwa, na utandike gunia kati ya fremu na chuma cha keria ya gari. Toa mizigo yote kwanza. Magari madogo ya abiria kumi na wanne mara nyingi yatakukataa wakati wa asubuhi yakiwa na abiria wa kutosha. Mchana, yakiwa yanatafuta watu, yanakuwa na lugha laini zaidi.

Bei ya Buffalo ilikuwa juu kuliko nilivyozoea kulipia baiskeli nyeusi ya kawaida, na hilo ndilo linalowafanya wengi wasite. Sitaandika kiasi, kwani bei hubadilika na msomaji atapata ya leo dukani Kisumu. Hesabu niliyoifanya mimi ni ya aina nyingine. Baiskeli ya mtumba ya bei hiyohiyo ingekuwa nyepesi zaidi na yenye gia, na kwa mtu anayekaa Kisumu na kupanda kwenda Maseno au Vihiga mwishoni mwa wiki, ningemshauri achukue hiyo bila kusita. Kwa mtu anayetaka kupotea kwenye njia za ndani za Uasin Gishu, mbali na lami, akiwa na mizigo na bila gari la kumfuata, uimara unalipa kuliko wepesi. Pia haishuki thamani haraka: huko juu, ambako maziwa lazima yafike kituoni kila siku, mnunuzi wa Buffalo iliyotumika hakosekani.

Kuna toleo la baadaye lenye gia mbili, ambalo sijaliendesha kwa safari ndefu na kwa hiyo silitolei hukumu. Utaratibu wake ni wa kuvutia: lina minyororo miwili, na gia hubadilishwa kwa kurudisha pedali nyuma kidogo, bila waya wala kichuma cha kuning'inia. Ikiwa gia nyepesi inatosha kuyapanda yale mabonde ya vijito, basi lawama yangu kubwa kwa toleo la gia moja inapungua. Atakayekwenda kununua na ayaombe yote mawili, ayaendeshe yakiwa na mzigo, si yakiwa matupu, kwa sababu baiskeli tupu mbele ya duka haikwambii lolote. Kisumu pana mwinuko wa kufaa kwa jaribio hilo: toka mjini uelekee Mamboleo, ukiwa na gunia la kilo 20 kwenye keria, upande hadi pumzi ikukatize, kisha ugeuke na ushuke polepole ukiisikiliza breki.